Chaza Mkubwa Akiugua: Maswali Kuhusu Magonjwa ya Bakteria katika Ufugaji

Katika vituo vinavyozalisha vifaranga vya chaza wakubwa, hasara kubwa kuliko zote hutokea kimya kimya ndani ya tangi, mara nyingi usiku mmoja. Jioni maji yamejaa mabuu wanaoogelea, asubuhi wako chini, wamekufa. Mfugaji asiyejua kilichotokea hukimbilia dawa, na hapo ndipo tatizo la pili linapoanza. Majibu yafuatayo ni kwa ajili ya wafugaji, wanafunzi wa sayansi ya bahari, wanaofuga chaza kwenye matangi ya mapambo, na wakazi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki wanaofikiria kuingia katika kazi hii.

Chaza mkubwa ni kiumbe gani, na kwa nini afugwe?

Tunazungumzia chaza wa makundi mawili, Tridacna na Hippopus. Mkubwa kuliko wote ni Tridacna gigas, ambaye gamba lake hupita mita moja na uzito wake hupita kilo 200. Wengine ni wadogo zaidi. Tridacna crocea, kwa mfano, hakui kupita kiganja cha mtu mzima na hujichimbia ndani ya jiwe la tumbawe.

Kinachowatofautisha na chaza wengine ni namna wanavyokula. Wanachuja chakula kutoka majini kama wenzao, lakini sehemu kubwa ya lishe yao inatoka kwa vijimwani visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi ndani ya joho lao, yaani ile nyama laini yenye rangi za buluu, kijani na kahawia wanayoitandaza juani gamba likiwa wazi. Vijimwani vinatengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumgawia chaza. Ndiyo maana wanakaa kwenye maji mafupi na maangavu, na ndiyo maana ni rahisi kuwavua mpaka wakaisha.

Na kweli wameisha katika sehemu nyingi. Kuanzia miaka ya 1960 meli kutoka mbali, nyingi za Taiwan, zilipita katika miamba ya Pasifiki zikikata msuli unaofunga gamba, kwa kuwa ndio unaolipa sokoni, na kuacha mengine yote yakioza. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, uliwaingiza Tridacna gigas na Tridacna derasa katika orodha yake ya pili mwaka 1983, na chaza wakubwa wote waliobaki mwaka 1985. Katika miaka hiyo hiyo ufugaji ulishika kasi: Palau, Orpheus Island nchini Australia chini ya Chuo Kikuu cha James Cook, Visiwa vya Solomon, kisiwa cha Makogai nchini Fiji ambacho zamani kilikuwa makazi ya wagonjwa wa ukoma, Aitutaki katika Visiwa vya Cook, na Bolinao nchini Ufilipino, ambako mwanasayansi Edgardo Gomez aliongoza kazi ya kurudisha Tridacna gigas kwenye miamba iliyokuwa imebaki mitupu.

Bakteria wanaowaua wanatoka wapi?

Wako majini siku zote. Mililita moja ya maji safi ya bahari ina bakteria wapatao laki kadhaa hadi milioni moja. Walio wengi hawamdhuru mtu wala chaza. Wanaoleta balaa katika matangi ni hasa wa kundi la Vibrio, ambao ni wenyeji wa maji ya chumvi yenye joto. Kipindupindu kinaletwa na ndugu yao mmoja, lakini wanaoua mabuu wa chaza ni wengine.

Kwa hiyo swali la maana ni kwa nini bakteria waliokuwepo tangu zamani wameamka leo. Jibu liko katika hali ya tangi. Chaza mmoja mkubwa aliyekomaa anaweza kutoa mayai mamia ya mamilioni kwa mkupuo mmoja. Baharini mayai hayo yanatawanyika. Ndani ya tangi yanarundikana mahali pamoja, pamoja na mbegu za kiume zilizozidi, mayai yaliyoshindwa, mabuu waliokufa na chakula kilichobaki. Yote hayo ni chakula cha bakteria. Baadhi ya Vibrio hujigawa mara mbili katika muda usiofika nusu saa maji yakiwa na joto na chakula kikiwa tele. Chukua hata nusu saa kamili: bakteria mmoja wa saa mbili usiku anakuwa zaidi ya milioni moja ifikapo saa kumi na mbili asubuhi. Hesabu hiyo peke yake inaeleza kwa nini mfugaji hulala na tangi zima akaamka na tangi la maiti.

Hali ni kama ya bweni la shule lililojaa kupita kiasi: ugonjwa wa macho ukimpata mmoja, wiki haiishi kabla haujawapitia wote.

Nitajuaje kwamba mabuu wanaugua?

Hapa inafaa tutulie, kwa sababu saa chache zinaamua kama utaokoa matangi mengine au hutaokoa.

Yai la chaza lina upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita hivi. Ndani ya siku moja au mbili baada ya kurutubishwa anatokea buu mwenye gamba jembamba la pande mbili na kiungo cha kuogelea kilichozungukwa na vinyweleo. Ukimulika tochi pembeni mwa tangi usiku utaona wazima wakipanda juu na kuzunguka kama vumbi linaloelea. Wagonjwa hawapandi. Wanazunguka mahali pamoja karibu na chini, au wanalala sakafuni na kufanya utando mwembamba unaoteleza ukiupitisha kidole.

Chota maji ya chini, weka tone kwenye kioo cha hadubini. Buu mzima anapiga vinyweleo kwa kasi, anavivuta ndani ya gamba akiguswa, kisha anavitoa tena. Mgonjwa amekitoa kiungo chake cha kuogelea nje na hawezi kukirudisha. Vinyweleo vinapiga ovyo ovyo, vingine vimeganda. Seli zinabanduka pembezoni na kuelea peke yake. Ukiongeza ukuzaji utaona wingu la vijidudu vinavyokwenda mbio kumzunguka, vikisongamana mahali nyama ilipofunguka. Baada ya hapo linabaki gamba tupu lenye viumbe wengine wadogo wanaoingia na kutoka kula mabaki. Hao walao mabaki wasikudanganye: wanaonekana kwa urahisi kwa sababu ni wakubwa, lakini mara nyingi wamefika baada ya kifo.

Kituo chenye maabara ndogo kinaweza kupaka maji ya tangi kwenye sahani ya chakula maalumu cha Vibrio kinachojulikana kwa herufi TCBS. Kesho yake vituta vya njano au vya kijani vitakuwa vimeota, na unavihesabu. Idadi inayopanda siku hadi siku ni onyo hata kama mabuu bado wanaogelea vizuri. Kwa maoni yangu sahani hizo ni kifaa cha bei nafuu kinachookoa fedha kuliko dawa yoyote, na inasikitisha kwamba vituo vingi vidogo vinajifunza kuzitumia baada ya hasara.

Chaza aliyekwisha kukua naye anapata magonjwa ya bakteria?

Anapata, ingawa si kwa kasi ile ya mabuu. Mwaka 1993, mwaka ambao pia wataalamu wa Australia walichapisha uchunguzi wao kuhusu ugonjwa wa bakteria kwa mabuu wa Tridacna gigas, ilichapishwa taarifa nyingine kuhusu vifo vya Hippopus hippopus vilivyoambatana na bakteria wa jamii ya riketsia. Bakteria hawa hawaelei majini wakingoja mabaki. Wanaingia ndani ya seli za chaza, hasa katika matamvua, na kuzaliana humo mpaka seli inavimba na kupasuka. Matamvua yakiharibika, chaza anakosa pumzi na chakula kwa wakati mmoja.

Ubaya wao ni kwamba hawaoti kwenye sahani za kawaida za maabara. Unaweza kupima maji wiki nzima usiwaone. Njia ya kuwagundua ni kukata kipande chembamba cha matamvua, kukitia rangi na kukitazama kwa hadubini, ambapo vifurushi vyao huonekana kama madoa ya zambarau ndani ya seli, au kupima vinasaba vyao. Uwepo wao peke yake hauthibitishi kwamba ndio waliomuua chaza, kwa kuwa chaza wengi wenye afya wanaweza kuwa nao kwa kiasi kidogo. Mtaalamu huangalia ni kiasi gani cha matamvua kimeliwa.

Kwa macho, dalili za chaza mkubwa aliye mgonjwa ni zile zile karibu kwa kila ugonjwa. Pitisha kivuli cha mkono wako juu yake. Mzima hushtuka mara moja, anavuta joho na kufunga gamba, na maji yanaruka. Mgonjwa anachelewa, au hafungi kabisa. Joho lake limerudi nyuma na kuacha ukingo mweupe wa gamba, tundu la kutolea maji limeachama, anatoa ute mwingi. Mdogo anayejishikiza kwenye jiwe kwa nyuzi zake anaachia na kuanguka ubavu. Ukiona hivyo, mtoe katika tangi la wenzake siku hiyo hiyo.

Chaza wangu amepauka kuwa mweupe. Ni bakteria?

Mara nyingi hapana. Kupauka maana yake vijimwani vimetoka au vimekufa, na sababu ya kawaida ni joto. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, chaza wengi wa Orpheus Island walipauka, na wengi wao wakarudisha rangi maji yalipopoa. Mwanga hafifu na chumvi kupungua baada ya mvua kubwa navyo vinapausha. Kumwekea dawa chaza aliyepauka kwa joto ni kumwongezea taabu. Punguza joto, weka kivuli cha wavu, ongeza mzunguko wa maji.

Lakini usiache kumwangalia, kwa sababu chaza aliyedhoofika kwa joto ndiye anayeshikwa na bakteria wiki zinazofuata. Wakulima wetu wa mwani wa Zanzibar wanaijua njia hii vizuri: maji yakipata moto mashina ya mwani yanageuka meupe na kukatika, na bakteria, wakiwemo Vibrio, hukamilisha kazi ambayo joto lilianza.

Kuna magonjwa yanayofanana na ya bakteria lakini siyo?

Yapo, na kuyachanganya kunagharimu. Kijidudu kiitwacho Perkinsus, ambacho si bakteria, kiligundulika ndani ya chaza wa Great Barrier Reef nchini Australia baada ya vifo vingi vya katikati ya miaka ya 1980 katika Lizard Island. Antibiotiki haikigusi.

Wapo pia konokono. Jamii ya pyramidellidi ni wadogo kama punje ya mchele, hujificha ukingoni mwa gamba mchana na usiku hutoa mrija wa kunyonya majimaji ya chaza. Cymatium muricinum ni mkatili zaidi: anaingia kwenye kizimba akiwa buu, anakua chini ya chaza wachanga, kisha anapenya kupitia tundu la nyuzi na kula nyama kutoka ndani. Vidonda vya konokono hawa ni mlango wa bakteria, na mtu akipima atakuta Vibrio tele na kudhani amepata chanzo. Kabla ya kulaumu bakteria, mwinue chaza, mgeuze, utazame chini yake. Kazi hiyo ni ya mikono, na inatakiwa ifanyike mara kwa mara.

Kwa nini nisimwage antibiotiki tu ndani ya tangi?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu. Si haki kuwalaumu wafugaji kwa kuliuliza. Katika miaka ya mwanzo vituo vingi vya Pasifiki vilitumia antibiotiki kwa mabuu kama jambo la kawaida, na mara nyingine mabuu waliopata dawa walibaki hai wengi zaidi kuliko wale wasiopata. Dawa ilionekana inafanya kazi, na kwa tangi moja kwa siku chache inaweza kufanya kazi kweli.

Matatizo yake ni haya. Kwanza, dawa haiondoi uchafu uliowaita bakteria. Inaua walio dhaifu na kuwaachia uwanja walio sugu, ambao sasa wana chakula chote peke yao. Kundi linalofuata likiugua, dawa ile ile haisaidii. Pili, maji ya bahari yana magnesi na kalsiamu nyingi, nazo hushikana na dawa kama oksitetrasaiklini na kuipunguza nguvu sana, kwa hiyo mfugaji anaongeza kipimo bila kujua kwamba sehemu kubwa ya dawa yake haifanyi kitu. Tatu, bakteria wa ndani ya seli, kama wale wa jamii ya riketsia, hawafikiwi na kila dawa inayomwagwa majini.

La nne ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Dawa zilizotumika katika vituo hivyo ni pamoja na streptomaisini, ambayo ni dawa ya kifua kikuu, na kloramfenikoli, ambayo nchi nyingi zimeipiga marufuku kwa wanyama wa chakula, Umoja wa Ulaya ukiwa umefanya hivyo mwaka 1994, kwa sababu inaweza kuharibu uboho wa mtu na kumfanya ashindwe kutengeneza damu. Maji ya tangi hayabaki ndani ya tangi. Yanatoka kwa bomba kwenda ufukweni ambako watoto wanaogelea na watu wanaokota kombe, na bakteria wana uwezo wa kupeana usugu hata wakiwa wa aina tofauti. Usugu uliozaliwa kwenye tangi la chaza unaweza kumfikia mgonjwa hospitalini ambaye hajawahi kumwona chaza maishani mwake. Hakuna faida ya vifaranga inayolingana na hatari hiyo.

Je, kuna wakati dawa inaruhusiwa? Ndiyo: daktari wa mifugo akishapima, akajua bakteria ni gani na dawa gani inawaua, akaandika kipimo na idadi ya siku, na maji yakatibiwa kabla ya kumwagwa. Mfano unaojulikana ni wa konokono abalone wa Kalifonia, ambao bakteria wa jamii ya riketsia aliwadhoofisha na kuwaua kwa wingi kuanzia miaka ya 1980. Wataalamu walionyesha kwamba oksitetrasaiklini ikitolewa kwa usimamizi inaweza kuwatibu walio kwenye vituo. Baharini haikuwezekana kumtibu hata mmoja.

Basi kinga ni nini?

Maji, usafi, na kuacha nafasi. Wanaofanikiwa wanafanya mambo yafuatayo bila kuchoka.

Chaza wazazi wanasuguliwa kwa brashi na kusuuzwa kwa maji yaliyochujwa kabla ya kuzaa, kwa sababu gamba la chaza mzee ni kijiji kizima cha minyoo, sponji na bakteria. Chaza mkubwa aliyekomaa ni dume na jike kwa pamoja: hutoa mbegu za kiume kwanza, kisha mayai. Mfugaji anatumia nafasi hiyo kumhamishia kwenye maji safi kati ya mkupuo wa kwanza na wa pili. Mayai yakishatoka, anaongeza mbegu kidogo tu za chaza mwingine, kisha anayachuja na kuyasuuza. Mbegu zikizidi huharibu mayai, na zikifa hulisha Vibrio.

Maji yanachujwa kupitia vichujio vinavyozidi kuwa vidogo hadi kipimo cha maikroni moja. Bakteria wengi ni wadogo kuliko hapo na watapita, ndiyo maana maji yanapitishwa pia kwenye taa ya miale ya urujuanimno. Taa hiyo haifanyi kazi maji yakiwa machafu, kwa hiyo kichujio kiwe mbele na taa nyuma. Vichujio vyenyewe visiposafishwa huwa kiota cha bakteria, jambo ambalo wengi husahau.

Mabuu wasijazwe kupita kiasi. Tangi lenye mabuu wachache walio hai lina thamani kuliko lililojaa maiti, lakini tamaa ya kuona maji yamejaa mabuu inawashinda wengi. Chakula nacho kiwe kidogo. Yai la chaza lina akiba yake, na mabuu wanaweza kufika hatua ya kutua chini bila kulishwa sana. Kumwaga mwani wa chakula kila saa ni kulisha bakteria.

Baada ya wiki moja hadi mbili buu anatua na kuanza maisha ya chaza. Hazaliwi na vijimwani vyake. Inabidi avimeze kutoka majini, na kituoni mfugaji ndiye anayemletea, akivitoa kwenye joho la chaza mzima. Hapa kuna mlango ambao ugonjwa hupitia bila kuonekana: kipande cha joho cha chaza mgonjwa kinaweza kubeba bakteria hadi kwenye kila tangi. Mtoaji awe yule uliyemchunguza, si yeyote aliyepatikana.

Kila kundi likimalizika, tangi linasuguliwa, linatiwa klorini, linasuuzwa na kuachwa likauke juani. Kila tangi liwe na ndoo yake, chujio lake na mpira wake wa kunyonya uchafu. Kifaa kimoja kinachozungushwa kwenye matangi kumi kinafanya matangi kumi kuwa moja.

Kundi limeshaugua. Nifanye nini leo?

Funga tangi lake. Zuia maji yake yasiingie popote, agiza wafanyakazi waanze na matangi mazima na kumalizia na hilo. Chukua sampuli kabla hujamwaga kitu: maji kwenye chupa safi iliyowekwa kwenye barafu, na mabuu au kipande cha matamvua ndani ya formalini au alkoholi. Bila sampuli hakuna atakayejua nini kiliwaua, na msimu ujao utarudia. Ikiwa mabuu wengi wameanguka, kubali kuwapoteza. Tia klorini, subiri, mwaga mahali pasipoelekea ufukweni. Kutoka yai hadi chaza mchanga, hata katika kituo kizuri, kwa kawaida hafiki mmoja kati ya mia. Kituo kinaishi kwa kuanza upya haraka kuliko kwa kung'ang'ania kundi bovu.

Naweza kuambukizwa nikila chaza au nikimshika?

Bakteria wa jamii ya riketsia wanaowaua chaza hawajulikani kumwambukiza binadamu. Vibrio ni jambo jingine. Aina kama Vibrio parahaemolyticus huleta kuharisha kwa anayekula vyakula vya baharini vibichi au visivyoiva, na Vibrio vulnificus huingia kupitia kidonda na inaweza kuua, hasa mtu mwenye ugonjwa wa ini au kisukari. Pika mpaka viive. Vaa glavu ukiwa na jeraha mkononi. Chaza aliyeachama na asiyefunga hata akiguswa asiliwe.

Kuna ubaya gani kuagiza chaza wachanga kutoka nchi nyingine?

Kwa sababu ya CITES unahitaji kibali cha nchi anakotoka. Hata kibali kikiwepo, ugonjwa hauandikwi kwenye kibali. Chaza waliohamishwa kutoka kisiwa hadi kisiwa katika Pasifiki walisaidia kurudisha aina zilizotoweka, na mimi nawaheshimu waliofanya kazi hiyo, lakini kila safari ilibeba uwezekano wa kupeleka vimelea mahali ambapo havijawahi kuwepo. Utaratibu unaokubalika ni kuagiza wachanga waliozalishwa kituoni, kuwaweka karantini nchi kavu kwa wiki kadhaa, kuwapima, na kutibu maji yote yanayotoka. Karantini ya siku mbili kwenye ndoo haistahili kuitwa hivyo.

Je, sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunahusikaje?

Tunahusika moja kwa moja. Katika miamba yetu, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, wanaishi Tridacna maxima na Tridacna squamosa. Bamvua likikausha maji mtu akitembea mwambani anaweza kuwaona wamekaza kwenye jiwe na joho lenye madoa. Katika Hifadhi ya Matumbawe ya Chumbe, Zanzibar, wanalindwa na mgeni anaweza kuwatazama akiogelea. Wakati huo huo, ufugaji wa viumbe vya baharini unakua kwetu: mwani, lulu katika rasi ya Fumba, majongoo bahari, na kituo cha kutotolesha vifaranga cha Beit-el-Ras. Yote yaliyoelezwa hapa kuhusu msongamano, uchafu, joto na dawa yanahusu matangi hayo kama yanavyohusu ya Palau.

Ombi langu kwa anayetaka kuanza ni moja. Kabla ya kununua chaza hata mmoja, jenga mfumo wa maji na uupime kwa miezi kadhaa ukiwa mtupu, na umpate ofisa uvuvi na daktari wa mifugo watakaokuja ukiwaita. Na kwa wanaotembea mwambani: ukikuta chaza wengi wameachama au wamekufa mahali pamoja, usiwabebe kwenda nao nyumbani wala usiwahamishie mwamba mwingine. Piga picha, andika mahali na tarehe, upeleke taarifa kwa ofisa uvuvi wa wilaya au kamati ya uvuvi ya kijiji siku hiyo hiyo, kwa sababu nyama ya chaza aliyekufa kwenye maji ya joto huoza kwa saa chache na sampuli ya kesho haitafaa kupimwa.